Ziara ya Palmse, Estonia: bwana kapewa jumba zima, kijiji kimeachwa nje ya lango

Niseme kazi yangu kwanza, msomaji ajue napima kwa kipimo gani. Mimi ni mwongozaji wa watalii hapa Mombasa, mwenye leseni. Asubuhi zangu nyingi zaanzia Ngomeni, yaani Fort Jesus, nakatiza Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, na mgeni akiwa na siku nzima humpeleka kwenye magofu ya Gede au Jumba la Mtwana. Kwa hiyo nikipanda gari la mwenzangu kama abiria, situlii kama abiria. Nahesabu watu kabla yake. Nasikiliza kama ametaja choo mapema. Akisema "kama mnavyoona", nageuka nyuma kuangalia ni wangapi wasioona kitu kwa sababu wamezibwa na mtu mrefu.

Dadangu mdogo anasoma Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Septemba alikuwa ameshanilipia zawadi: ziara ya kutwa kutoka mjini hadi mbuga ya taifa ya Lahemaa, kuona jumba la kifahari la Palmse, kinamasi, na vijiji viwili vya pwani. Alilipa karibu yuro sabini, kwetu ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Kampuni siitaji. Zinazouza safari hii ni nyingi, njia ni ile ile, na nitakayoyasema yatakufaa hata ukilipa kwingine.

Hukumu yangu naiweka hapa juu, maana wengi husoma nusu wakatoka: nenda. Gari ni zuri, nchi inapendeza, chakula hutakisahau. Ila usiende ukitegemea kuelezwa jinsi watu wa vijijini walivyoishi chini ya jumba lile. Hayo itabidi uyaulize mwenyewe, na sehemu kubwa ya jibu ukaitafute pengine.

Kwa asiyeijua nchi yenyewe: Estonia iko kaskazini ya Ulaya, inatazamana na Finland, Bahari ya Baltiki ikiwa kati. Nchi nzima ina watu kama milioni 1.3. Kaunti yetu ya Mombasa peke yake, sensa ya 2019 ilitukuta milioni 1.2. Ukitoka Tallinn kuelekea mashariki kwa barabara ya Narva, nyumba zinaisha upesi na msitu unaanza, na ukianza haukomi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye sauti ya kufika nyuma na mzaha wa kiasi. Alitaja choo mapema. Alituhesabu kila tuliporudi garini bila kutunyooshea kidole kama watoto wa chuoni. Katika hayo sina neno, ningemwajiri kesho.

Kituo cha kwanza kilikuwa kinamasi cha Viru. Unapita juu ya njia ya mbao, na pembeni yake ardhi imelewa maji, ukiikanyaga unahisi umepanda juu ya godoro. Vijiti vya misonobari vilivyodumaa, vidimbwi vyeusi, kimya. Inapendeza kwa muda, kisha baridi inakukumbusha ulikotoka. Tukaendelea.

Sasa Palmse. Iko kilomita themanini hivi kutoka Tallinn. Jumba ni la ghorofa mbili, paa refu, madirisha yamepangwa kwa mizani, na nyuma yake bustani inateremka hadi bwawani. Pembeni ya bwawa kuna kibanda cha mviringo chenye nguzo, cha kupumzikia mabibi. Ukizunguka unakuta maghala ya mawe, chumba cha kuhifadhia barafu, jumba la vioo la mimea, na kiwanda cha zamani cha pombe kali ambacho siku hizi ni hoteli. Kuta za majengo ya kazi zimejengwa kwa majabali ya matale yaliyozagaa nchini tangu zama za barafu, na kwenye chokaa kati ya jiwe na jiwe wamechomeka vijiwe vidogo vidogo, safu kwa safu. Mimi nimezoea kuta za matumbawe, nikakaa hapo kwenye ghala kuliko nilivyokaa sebuleni. Vile vijiwe kuna mkono wa mtu uliovipanga kimoja kimoja, na si mkono wa bwana.

Historia ya jumba mwongozaji aliimudu vizuri. Karne za kati ardhi hii ilikuwa mali ya watawa wa kike wa Tallinn, wa shirika la Wasistersia, mpaka 1510. Miaka ya 1670 ikaingia kwa ukoo wa Kijerumani wa von der Pahlen, nao wakaishika mpaka 1923. Jumba linaloonekana leo lilikamilika miaka ya 1780 kwa mchoro wa Johann Caspar Mohr. Tukapitishwa vyumba: majiko marefu ya vigae yanayopanda karibu na dari, meza iliyoandaliwa vyombo, vinanda, chini sela la mvinyo. Tukaelezwa habari za Alexander von der Pahlen, aliyepigania reli ya Baltiki kutoka bandari ya Paldiski kupitia Tallinn kwenda upande wa St Petersburg, ikafunguliwa 1870. Habari hiyo niliipenda. Sisi Mombasa ndiko reli ya Mwingereza ilikoanzia 1896, na najua mtu akileta reli mji unageuka sura.

Kwenye jumba la vioo nilicheka peke yangu. Watu wa kundi letu walisimama kupiga picha mimea ya nchi za joto inayotunzwa ndani ya joto ili isife na theluji. Mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu ipo kama ile. Nikamwambia, mama, kwetu hiyo tunaifagia asubuhi.

Lakini kila chumba tulichoingia habari ilikuwa ya mtu mmoja: bwana, mke wa bwana, mtoto wa bwana aliyesoma Ujerumani, mbwa wa bwana. Tulipotoka uani nikamuuliza kijana, "Ndugu yangu, na wakulima walilala wapi?" Akanyoosha mkono. "Vijijini. Kule nyuma ya miti." Kisha akatazama saa, akatupeleka upande wa kiwanda cha pombe.

Simlaumu kwa ufupi. Najua ratiba inavyokaba, nami nina siku ambazo meli imeshusha watu mia na kila mtu anataka Ngomeni na Mji wa Kale kabla ya chakula cha mchana. Ninacholaumu ni mpango wa kampuni. Umelipisha watu ziara inayotangazwa kuwa ya maisha ya mashambani, kisha umewapa sebule. Gede mimi simruhusu mgeni aondoke akiwa ameona jumba la sultani tu. Lazima tufike visimani na kwenye nyumba ndogo, kwa sababu mji haukuwa wa sultani peke yake.

Kwa hiyo nitakueleza hapa yale ambayo ziara iliyaruka. Mengine niliyapata kwa dadangu, mengine kwenye makumbusho nitakayoyataja mbele.

Wadenmaki waliiteka kaskazini ya Estonia 1219. Mwaka 1343, usiku wa Mtakatifu George, wenyeji wakainuka, wakachoma majumba ya mabwana, wakashindwa vitani. Miaka mitatu baadaye mfalme wa Denmark akaiuza sehemu hiyo ya nchi kwa askari watawa wa Kijerumani wa Shirika la Teutoni. Ndiyo, aliiuza, na watu ndani yake. Karne ya 16 wakaingia Waswidi, mwaka 1710 Warusi. Ngomeni pia bendera zimepanda na kushuka, Mreno, Muomani, Mwingereza, hilo si geni kwetu. Kioja cha kule ni kwamba kila bendera iliyopanda ilimwacha bwana Mjerumani kwenye shamba lake, mradi amwinamie mfalme mpya. Mfalme alikuwa mbali, bwana alikuwa hapo hapo, na mkulima kila siku alikutana na huyo wa karibu.

Kufikia karne ya 18 mkulima wa Kiestonia hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1739 mmoja wa wakuu wa mabwana hao, Baron Rosen, aliulizwa haki za mkulima ni zipi, akaandika kwamba mkulima na alichonacho ni mali ya bwana. Kila kaya ilipeleka shambani kwa bwana mtu na farasi siku kadhaa za wiki, na wakati wa mavuno zaidi ya hapo. Aliyewasimamia alikuwa mnyapara, mara nyingi mtu wa kwao wenyewe, na viboko vilikuwa sehemu ya kazi. Shamba lake mwenyewe mkulima alilima kwa nguvu zilizobaki.

Na hicho kiwanda cha pombe tulichopitishwa kwa haraka, kumbe ndipo hesabu yote ilipo. Nafaka ya bwana imelimwa na watu wasiolipwa. Inapikwa pombe, baadaye wakatumia viazi. Pombe nyingine inauzwa St Petersburg, nyingine inauzwa kwenye vilabu vya bwana huyo huyo, kwa mkulima aliyeilima. Machicha wanalishwa maksai, wananona, wanapelekwa nao sokoni St Petersburg. Hakuna kinachopotea. Ningekuwa mimi mwongozaji, ziara ningeianzia pale, sebuleni tungepita mwisho.

Utumwa huo wa ardhi ulifutwa 1816 katika jimbo la Estonia, na 1819 katika jimbo la Livonia lililo kusini yake. Walipewa uhuru, ardhi hawakupewa. Yote ilibaki ya bwana, na aliyekuwa jana mtu wake leo akawa mpangaji wake, anayelipa kodi kwa siku zile zile za kazi, kwa mnyapara yule yule. Majina ya ukoo yakaandikwa, kazi haikubadilika. Mwaka 1858, kwenye shamba la Mahtra, wakulima walikataa kazi za ziada, wakaletewa askari, watu wakafa, jumba likachomwa. Kodi ya kazi ikaja kufutwa 1868.

Hapo mimi nilikuwa nimeshaondoka Palmse kwa mawazo, niko Kisauni. Nimezaliwa si mbali na Kengeleni, mahali palipoitwa hivyo kwa ile kengele ya Frere Town, makazi waliyoanzishiwa watu waliookolewa utumwani miaka ya 1870. Kwetu pwani utumwa ulifutwa kisheria 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye karatasi akawa na shamba, asiye nayo akawa skwota kwenye udongo aliolima babu yake. Uhuru bila ardhi. Sikudhani nitakwenda kuukuta huko kwenye theluji, kwa watu weupe, tena wao wakiwa wametutangulia kwa miaka tisini.

Wao waliufikisha mbali kuliko sisi, hilo nilikiri. Desemba 1905 majumba mengi yalichomwa moto wakati wa mapinduzi ya Urusi. Nchi ilipotangaza uhuru 1918 na kuupigania kwa vita hadi 1920, bunge lao halikungoja vita viishe: Oktoba 1919 likapitisha sheria ya kuchukua mashamba ya mabwana, zaidi ya 1,000, yakagawanywa kwa wakulima, waliopigana vita wakitangulia. Ndiyo maana von der Pahlen wanakoma 1923 kwenye kibao cha Palmse. Wajerumani wengi waliosalia waliondoka nchini kuanzia 1939, walipoitwa na Hitler warudi kwenye utawala wake.

Furaha ya ardhi haikudumu. Mwaka 1940 Wasovieti waliingia, na Machi 1949 watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto, walipakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa Siberia, na waliobaki wakasukumwa kwenye mashamba ya pamoja. Jumba la Palmse lenyewe likawa kambi ya vijana. Halafu likaja jambo lililonichekesha hata kijana wetu aliposimulia, nalo alilisimulia vizuri: mwaka 1971 Lahemaa ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, ya kwanza katika Umoja wote wa Kisovieti, na serikali ya kikomunisti ikatumia miaka ya 1970 na 1980 kutengeneza upya, kwa fedha za umma, nyumba ya baroni.

Kuna mtu mmoja ambaye hakutajwa kabisa, nami nilimngoja kutwa. Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyechukuliwa utumwani, akapelekwa Constantinople, kutoka huko akafikishwa kwa mfalme Petro wa Urusi, aliyemlea na kusimamia ubatizo wake. Akasomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akawa fundi mkubwa wa ngome, na kutoka 1742 hadi 1752 alikuwa kamanda wa mji wa Tallinn, ambao wakati huo ukiitwa Reval. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake. Upande wa magharibi wa Tallinn, Karjaküla, Gannibal alikuwa na shamba lake la kibwana na aliishi hapo. Yaani Mwafrika aliyewahi kuuzwa, akawa bwana katika nchi ambayo wakulima wake walikuwa mali ya mabwana. Mtu wa Mombasa, tena mwongozaji wa ngome, hawezi kusikia habari kama hiyo akatulia. Karjaküla si njia ya Palmse, naelewa, lakini saa nzima ndani ya gari inatosha kuisimulia. Nilimtajia kijana wakati wa kurudi. Alikuwa anamjua vizuri kuniliko. "Watu huwa hawaulizi," akasema. Ndugu yangu, watu hawaulizi wasichokijua.

Baada ya Palmse tulipita Sagadi bila kuingia. Kuna jumba jingine, lango lenye mnara wa kengele, na makumbusho ya misitu. Picha, tukaondoka.

Ziara iliamka ilipofika pwani. Altja ni kijiji cha wavuvi, nyumba za magogo zimejipanga upande wa barabara moja, paa za nyasi, na ufukweni vibanda vya kutunzia nyavu vimekaa kwenye ulimi wa nchi kavu, mawe makubwa yamezagaa majini. Kuna pembea kubwa ya mbao ambayo watu kadhaa husimama juu yake kwa pamoja. Wazee wawili wa kundi letu walipanda wakarudi utotoni. Hapa kijana alibadilika. Akaacha tarehe, akaanza kueleza jinsi wavuvi wa upande huu walivyokuwa wakivuka kwenda Finland kubadilishana nafaka na viazi kwa samaki, kila familia na rafiki yake ng'ambo, miaka nenda rudi. Na Finland ilipopiga marufuku pombe kutoka 1919 hadi 1932, mashua zile zile zikabeba spiriti usiku. Mtu wa pwani anaelewa hapo hapo bila kuongezewa.

Chakula kilikuwa kwenye mkahawa wa kijijini, nyumba ya mbao yenye meza nzito. Muislamu ajihadhari: nguruwe amejaa kwenye menyu, yuko hadi kwenye kabichi. Sema mapema, ulizia samaki. Niliwekewa samaki wadogo wa Baltiki waliokaangwa kwenye unga wa shayiri, viazi vya kuchemsha na mkate mweusi wa rai, nafaka ya nchi za baridi, wenye uchachu, mzito. Mkate ule usiuhukumu kwa tonge la kwanza. Pamoja na siagi na samaki wa chumvi nilimaliza sahani nikaomba mwingine. Kinywaji chao cha mkate kimechachushwa, mimi nilikipita nikanywa chai. Chai yenyewe, basi. Maji ya moto na kimfuko.

Käsmu, kijiji cha mwisho, ndicho kilichostahili nusu ya siku. Kuanzia 1884 hadi 1931 kulikuwa na shule ya ubaharia hapo, kwenye kijiji kidogo kabisa, na watoto wa wakulima na wavuvi wakatoka wakiwa manahodha wa meli za masafa marefu. Nyumba nyeupe za manahodha bado zipo, na zinatazama ghuba kwa kujiamini. Babu wa mkulima alikuwa haruhusiwi kutoka shambani, mjukuu anakwenda Amerika akiwa nahodha. Kama unataka kuonyesha mgeni kijiji cha Kiestonia kilivyojikwamua kutoka mkononi mwa bwana, hakuna haja ya maneno mengi, mzungushe Käsmu.

Halafu ukaja wakati wa Wasovieti, pwani hii ikafanywa eneo la mpaka. Mashua zikadhibitiwa, watu wakahitaji kibali, na mchanga wa ufukweni ulipigwa reki ili askari waone nyayo za mtu aliyetoroka kwenda kwa mashua, au aliyeingia. Nyumba ya makumbusho ya bahari ya hapo ilikuwa kituo cha askari wa mpaka. Kijana alisema bibi yake aliishi miaka mingi akisikia bahari bila kuruhusiwa kuifikia jioni. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, hakutia mzaha, na gari zima likanyamaza. Hapo ndipo nilipomjua mwongozaji. Anayo habari, anajua kuisimulia, ila amepewa karatasi ya baroni aisome.

Kesho yake dadangu alinishika mkono. "Kaka, lile swali lako la wakulima jibu lake liko Rocca al Mare, twende." Ni makumbusho ya wazi pembeni ya Tallinn, yalianzishwa 1957, na basi la mjini linakufikisha. Wameng'oa nyumba za vijijini kutoka nchi nzima wakazisimamisha tena msituni kando ya bahari. Hapo niliingia kwenye nyumba ya mkulima niliyeitafuta Palmse: paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi, chumba kimoja chenye jiko kubwa la mawe lisilo na bomba la moshi. Juu, chini ya paa, kuna fito, ambapo miganda ya nafaka ilitandazwa ikauke kwa moto wa jiko, kwa kuwa mvua za huko haziachi jua lifanye kazi hiyo. Familia ililala humo humo, ndani ya moshi, nafaka ikikauka juu ya vichwa vyao. Upande wa pili sakafu ya kupuria, na majira ya baridi wanyama nao. Nilitoka macho yakiniwasha kwa moto mdogo tu wa maonyesho. Baada ya hapo yale majiko ya vigae ya Palmse yalinijia upya, na safari hii nilijua ni nini nilichoonyeshwa.

Ukilinganisha kwa fedha, Rocca al Mare ni tiketi na nauli ya basi, nafuu mno. Kwa jozi hii, Rocca al Mare kwanza, kisha Palmse na pwani, hata mwongozaji mvivu hawezi kukuharibia. Ukiwa na siku ya ziada na gari, upande wa kusini wa Tallinn, Juuru, kuna makumbusho ya wakulima wa Mahtra yanayohusu yale ya 1858. Mimi sikuwahi kufika, nitakaporudi ndiko nitakakoanzia.

Niliporudi Ngomeni wenzangu hawakuniuliza habari za sebule. Tulikuwa tumekaa kivulini tukingoja wageni, kahawa imepita, nikawasimulia za 1816 na 1919. Kuna mzee wetu hapo, aliyeanza kazi hii kabla wengi wetu hatujazaliwa, sote twamwita Ami. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Haya, na walipoondoka hao Warusi, ardhi ikarudi kwa nani? Kwa baroni?"

Nikamwambia la, Ami. Baada ya 1991, nchi ilipopata uhuru tena, walirudishiwa waliokuwa na ardhi 1940, au warithi wao. Na 1940 baroni alikuwa keshanyang'anywa, wenye ardhi walikuwa ni wakulima, wakiwemo wale waliogawiwa na sheria ya 1919. Ami akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hivyo wao mwaka wa kuhesabia waliuchagua wenyewe," akasema. "Sisi tulichaguliwa." Akainuka, meli ilikuwa imeshusha watu.

Kwa atakayekwenda: nampa kijana nyota nne, mpango wa kampuni yake mbili na nusu. Chagua ziara inayofika Altja na Käsmu, anayekuuzia Palmse na maporomoko ya maji tu mwache. Kabla ya kulipa uliza mtakaa muda gani pwani, wakijibu kwa kuzunguka-zunguka ujue ni kupiga picha na kuondoka. Septemba si baridi kwao, kwako ni baridi, vaa soksi nzito na koti la kuzuia upepo, na viatu visivyoingiza maji kwa ajili ya kinamasi. Kuswali utajitafutia pembeni, hakuna aliyenisumbua. Bakshishi si lazima huko, mimi nilimpa kwa sababu ya Käsmu.